Mafuta Yaliyoganda Sahanini

Kila alfajiri, kabla malori ya Malindi hayajaanza kupanga foleni kwenye kivuko cha Garsen, Tuneya alikuwa ameshateka maji mtoni, amezoa majivu ya jana na kuwasha makaa. Alikuwa na umri wa miaka kumi na mitatu. Aliishi na shangazi yake Mwanaarusi, mwenye kibanda cha kuchomea nyama pale kivukoni, na kwa kuchoma mbuzi hakuna aliyemshinda mwanamke huyo kutoka Idsowe hadi Kau. Kazi ya Tuneya ilikuwa kuosha sahani na kupepea moto. Kushika jiko peke yake hakuruhusiwa, na hilo ndilo alilolitamani kuliko kitu kingine chochote.

Pale kivukoni chakula kisichong'aa mafuta kilihesabiwa kuwa tusi kwa mgeni. Kila kilichotoka motoni, hata ndizi na mahindi, kilipakwa mafuta ya mkia wa kondoo kwa kifagio kidogo cha ukindu. Mafuta yenyewe yalikaa ndani ya kibuyu kilichoning'inia juu ya jiko. Mteja akiondoka na vidole vikavu, angetangaza njia nzima kwamba Mwanaarusi ni mchoyo.

Mwezi wa Aprili mwaka 1956 mto Tana ulifurika, kivuko kikafungwa. Miongoni mwa waliokwama alikuwamo mzee mmoja Mhindi, fundi wa cherehani aliyezaliwa Lamu, pamoja na mkewe. Mzee alimweleza Mwanaarusi kwa adabu kwamba wao hawali nyama, samaki wala mayai. Tena walikuwa katika siku zao tisa za nadhiri, na katika siku hizo hawagusi hata maziwa wala samli. Nadhiri hiyo mkewe aliiweka binti yao wa pekee alipougua homa akapona, na kwa miaka ishirini na mmoja hakuwahi kuivunja. Zilikuwa zimebaki siku tano.

Mwanaarusi hakucheka. Alipanga mafiga mapya upande wa pili wa uwanja, akanunua kifagio kipya, akamwonyesha Tuneya namna ya kuchoma ndizi mbichi, mabiringani na vipande vya boga vilivyolowekwa kwenye ndimu, pilipili na chumvi. Kwa kupaka, mzee alitoa chupa yake mwenyewe ya mafuta ya simsim. Yule mama alikula, akashiba, akamshukuru.

Kesho yake zikaja habari kwamba maji yameingia shambani kwake Idsowe. Mwanaarusi alifunga biashara ya nyama, akajitwika kikapu, akamwita Tuneya.

"Jiko la wageni nakuachia wewe," alisema. "Kibuyu cha kondoo kisishuke mpaka nirudi. Ukinitunzia wageni wangu vizuri, kuanzia wiki ijayo utashika jiko la nyama."

Tuneya alichoma siku hiyo kwa moyo wote. Lakini chupa ya simsim ilikuwa ndogo, ikabidi apake kidogo kidogo. Wachunga ng'ombe waliokuwa wakingoja kuvuka, kwa kuwa nyama hakuna, walikula mabaki ya ndizi zile kisha wakamgeuza Tuneya kuwa mchezo wao. Aliyemzidi wote kwa ulimi alikuwa Kalla, kijana mrefu asiye na kazi ila kungoja mto upungue. Alitafuna kipande cha ndizi, akakitema mbele ya miguu ya Tuneya, akauliza kama Mwanaarusi siku hizi anafuga sungura. Wenzake walicheka mpaka wakashika mbavu. Tangu hapo, kila Tuneya alipopita walimwita Vidole Vikavu.

Jina hilo lilimchoma. Aliona kama jiko la nyama alilokuwa ameahidiwa limeshamponyoka, maana nani angenunua nyama kwa Vidole Vikavu? Siku ya pili jioni Kalla alikuja karibu na mafiga akamnong'oneza kwamba wazee wale hawajui ladha ya kondoo, kwa hiyo hawatatambua. Tone moja tu, na chakula kitang'aa. Tuneya alitazama huku na huku, akashusha kibuyu. Hakutia tone moja tu. Alipaka mpaka boga likawa linachuruzika.

Wageni walikula. Mzee akasifu, mkewe akalamba vidole, akabakiza vipande vichache sahanini kwa ajili ya asubuhi. Wachunga ng'ombe walikuwa wameketi hatua chache kutoka pale, wakisukumana kwa viwiko. Kalla hakuweza kujizuia. Alimwuliza yule mama kwa sauti kubwa kama mkia wa kondoo ni mtamu.

Mzee aliweka sahani chini, akamtazama Tuneya. "Binti, umetupaka mafuta gani?"

"Simsim, babu," Tuneya akajibu.

Mzee alimgeukia Kalla, akamwambia asimsingizie mtoto wa watu, maana mtoto aliyelelewa na mwanamke kama Mwanaarusi hawezi kufanya jambo hilo. Kalla alizidi kucheka. Tuneya alikusanya vyombo haraka haraka, akajiambia kwamba yamekwisha.

Lakini njia ya mwongo ni fupi. Mafuta ya simsim hayagandi, ya kondoo huganda. Kulipopambazuka, na ubaridi wa mto ukiwa bado haujaondoka, yule mama alifunua sahani yake akakuta vipande vya boga vimezungukwa na ukoko mweupe, mgumu kama mshumaa. Aliukwangua kwa ukucha. Akaunusa. Alikwenda ukingoni mwa mto, akatia vidole kooni na kutapika mpaka hakuna kilichotoka isipokuwa mate. Wachunga ng'ombe waliamka na kuitazama tamasha hiyo, na mmoja alimwigiza jinsi anavyoinama. Mzee alimshika mkewe mgongoni bila kumtazama Tuneya hata mara moja. Tangu saa hiyo mama hakula kitu. Alikunywa maji tu.

Mwanaarusi alirudi kesho yake mchana, miguu imejaa tope, mahindi yake yote yameliwa na mto. Mzee alimsimulia kwa maneno machache, bila hasira. Mwanaarusi alisikiliza, akaomba radhi, akaenda jikoni. Tuneya alingoja fimbo. Haikuja. Shangazi yake alichoma ndizi mbili, akazipaka vizuri, akamwita ale. Tuneya alikuwa na njaa, na kwa kuwa hakukaripiwa alidhani amesamehewa. Akazimaliza zote mbili.

"Tamu?" Mwanaarusi akauliza.

"Tamu, shangazi."

"Nguruwe mwitu amenaswa na mtego kule shambani. Nimechukua mafuta yake."

Tuneya aliruka kutoka alipoketi. Alikimbia hadi nyuma ya kibanda, akaanguka magoti, akatia vidole kooni. Alitapika huku analia, akasugua ulimi kwa mchanga, akaomba Mungu amsamehe. Kalla na wenzake walikuwa wanaona, na walicheka vilevile kama walivyomcheka yule mama. Mwanaarusi alisimama juu yake, mikono kiunoni, akangoja amalize. Hakumpa hata maji.

"Ilikuwa simsim," alisema mwishowe. "Nguruwe hakuna. Wewe uchungu wako umekwisha sasa hivi, kwa sababu nimekudanganya. Yule mama nani atamwambia kwamba kwake ulikuwa uongo?"

Tuneya aliinuka. Alinawa uso, akaenda mwenyewe hadi walipoketi wageni, akapiga magoti, akaungama yote, na uongo wa jioni ile pia. Kisha aliwasha moto mdogo mbele ya macho yao, akaleta mkungu wa ndizi uliokatwa muda huohuo, akaziweka karibu na yule mama bila kuzigusa tena. Mama aliugeuza mkungu, akaukagua. Hatimaye alichukua ndizi mbili akazifukia kwenye majivu ya moto na maganda yake. Zilipoiva alizimenya kwa mikono yake, akala polepole.

"Nimekusamehe, binti," alisema. "Lakini kilichopita mkononi mwako sitakula tena."

Siku ya tatu baada ya hapo maji yalipungua, kivuko kikafunguliwa, wazee wakavuka. Mzee alimpungia mkono Mwanaarusi peke yake.

Tuneya aliuliza kuhusu jiko la nyama. Shangazi yake alikuwa anasugua wavu wa kuchomea kwa mchanga, wala hakuinua kichwa.

"Utaosha sahani," alisema. "Labda mwakani tutazungumza. Mgeni hana jicho jikoni, Tuneya. Anakula gizani, na jicho lake ni mpishi. Ukimdanganya hapo, si chakula ulichokiharibu, umemtoboa jicho mtu aliyekuamini. Wale wanaokucheka leo watavuka na ng'ombe wao kesho. Wewe utabaki hapa na mikono hiyohiyo."

Tuneya alichukua sahani ya yule mama, akaisugua mpaka ikawa haina hata alama ya mafuta.