Usimwache Alale

Rafiki yangu Kepher huuza maziwa Kipkelion, na punda wake mmoja ndiye hubeba mitungi yote. Jumanne, saa kumi alasiri, punda alianza kuumwa tumbo. Kepher alifungua kitabu chake kikuukuu cha kutunza farasi, kilichoagiza: mtembeze, usimwache alale. Akamfunga kamba, wakazunguka boma. Katika mzunguko wa tatu ukungu ukashuka, akawa anasikia kwato tu nyuma yake.

Kisha mkewe, Jerusa, akaita kutoka langoni.

“Baba Maxine, unatembeza nani? Punda amelala hapa. Nimeshika kichwa yake, iko baridi.”

Kepher akasimama. Kwato nazo zikasimama. Alijaribu kuachilia kamba, vidole vikakataa, nayo ikaanza kuvutwa.