Kifutajina

Kifutajina kilipowashwa, sanamu kubwa ya mtawala aliyeng'olewa madarakani iliporomoka bila kuguswa na nyundo. Vijiroboti vyake, vidogo kuliko siafu, viliitafuna kuanzia miguuni. Picha zake zikatoweka kwenye kila skrini ya jiji la Usange, jina lake likafutika kwenye magazeti ya zamani, kwenye barua na kwenye sauti zilizorekodiwa. Watu walicheza barabarani. Nani asingecheza? Miaka ishirini yule mshenzi alikuwa amewakaba koo.

Aliyekibuni ni Mhandisi Abeid Mngazija. Wazo alilitoa Roma ya kale. Kaisari Domitiano alipouawa, Seneti iliamuru jina lake likwanguliwe kwenye mawe.

"Ni adhabu kubwa kuliko kifo," Abeid aliliambia Bunge, na waheshimiwa wakapiga makofi mpaka viganja vikauma.

Kesi ya Bi Mwanakheri ilifika mahakamani miaka saba baadaye. Mwanawe Haji alipigwa risasi akafa kwenye maandamano, kwa amri ya mtawala yule yule, ambaye sasa alikaa kizimbani na kanzu safi, akisinzia.

"Mama, nani aliamuru?" aliuliza jaji.

Bi Mwanakheri akalitaja jina. Vipaza sauti vikanyamaza. Akalitaja tena, kwa kupiga kelele. Waliokaa karibu walisikia, lakini mashine ya kumbukumbu haikuandika kitu, na kwa sheria ya Usange kisichoandikwa hakikusemwa.

Abeid akaitwa kuonyesha hati ya amri. Ilikuwepo, na jina la Haji lilisomeka vizuri. Palipokuwa na sahihi ya mtawala palikuwa peupe.

"Irudishe, mwanangu," mama alimwomba.

"Hairudi, mama. Niliogopa wafuasi wake, nikakitengeneza Kifutajina kisiweze kurudisha kitu."

"Na hao Warumi wako, hayakuwakuta haya?"

Abeid aliiweka hati mezani. Aibu ilimchoma.

"Yaliwakuta. Kaisari Karakala alimuua mdogo wake, Geta, kisha muuaji mwenyewe ndiye aliyeagiza jina la marehemu likwanguliwe kila mahali."

"Ulilijua hilo?"

"Nililijua."

"Loo! Ukawapelekea waheshimiwa lile tamu tu."

Jaji alivua miwani, akajifuta macho, akasema hana ushahidi wa kumfunga mtu. Mshtakiwa aachiwe huru.

Mzee aliamka, akanyoosha kanzu yake, akashika njia ya mlangoni. Bi Mwanakheri akawahi, akasimama mbele yake. Askari wa mlangoni, kijana aliyeajiriwa mwaka ule na ambaye tangu utotoni hakuiona tena sura ile popote, alimshika mama begani kwa upole.

"Tafadhali mama, mpishe mzee wa watu apite."

Akampisha.