Mjane Aliyeogeshwa kwa Maji ya Kisima

Wanaodhani majini yanangoja giza hawajakaa Kisangani. Kwetu jua la mchana linayatosha kabisa.

Asubuhi ya siku aliyotimiza miaka thelathini, Nyota alichota maji kisimani ili aoge, akayakuta yananuka mazut. Mazut, yaani dizeli ya injini, ile inayoshika shati la fundi hata ukimaliza kipande kizima cha sabuni. Akamwaga ndoo, akachota nyingine. Ilinuka vilevile. Akamwita mama mkwe wake, Mwanahamisi, aje anuse.

"Haiko na harufu yoyote, binti yangu," mama akasema, vidole vyake vikichuruzika maji. "Labda ni pua yako. Ulilala vibaya?"

Katika nyumba ile ya mtaa wa Mangobo ni mtu mmoja tu aliyekuwa akinuka mazut, naye alikufa mwaka uliotangulia, wakati waasi walipoushika mji. Alikuwa Lukumani, mume wake, fundi wa injini kwenye bac, ile pantoni inayovusha watu mto Kongo kwenda ng'ambo ya kushoto. Waasi walimkamata wakisema kwamba amevusha familia ya mkubwa mmoja wa serikali. Hakurudi, na maiti yake haikuonekana.

Lukumani ndiye aliyeleta mambo ya anniversaire nyumbani. Majirani Waislamu walimcheka sana. Mtu mzima anasherehekea kuzaliwa, amegeuka mundele, mzungu? Yeye alicheka pamoja nao, na kila mwaka siku ya Nyota ilipofika alimpandisha kwenye bac, wakashuka ng'ambo, wakatembea mchangani mchana kutwa, wakala samaki wa kukaanga na lituma, ndizi zilizopondwa vizuri, wakarudi wamechoka na kufurahi.

Sasa Nyota alikuwa mke wa Yakubu, mdogo wake Lukumani. Eda ilipokwisha familia ilikaa, Yakubu akasema atamchukua, na shehe akafungisha ndoa. Nisimsingizie Yakubu: nyumbani hakuwa mtu mbaya. Alileta chakula na hakuinua mkono. Ila Nyota alikuwa bado anasahau na kumwita semeki, yaani shemeji, mbele za wageni, na Yakubu alikuwa anatazama chini.

"Leo nitatembea kidogo kando ya mto," Nyota akamwambia asubuhi ile.

Yakubu akaacha kufunga kiatu. "Mtoni? Ju ya nini mtoni? Askari watakupiga risasi."

"Askari walitoka kule zamani, semeki. Wanawake wote wanaendaka kufua."

"Bon. Fanya vile unataka. Mimi usinitafute kule."

Basi akaenda peke yake. Akapita mtaa wa Makiso, ambako maduka mengine yalikuwa bado yamepigiliwa mbao, akashuka chini ya bandari, akaufuata ukingo kuelekea maporomoko, kule wavuvi Wagenia wanakotega vikapu vyao vikubwa. Maji yalikuwa yamepungua, mchanga umefunuka mahali ambapo miezi mingine ni mto mtupu. Akavua viatu. Akaokota maganda ya risasi yaliyoshika kutu akayatupa majini, akaona kiatu cha mtoto akakiacha hapohapo, akakaa juu ya jiwe akala lituma yake iliyopoa. "Bonne fête, Nyota," akajiambia, akalia, kisha akajicheka kwa kulia. Kwa mara ya kwanza tangu ule uasi alijisikia kama mtu.

Mbele kidogo akaikuta bac yenyewe. Ilikuwa imelala ubavu mchangani, imetobolewa kwa risasi, injini imeng'olewa na wajanja wa mji. Na kwenye kivuli chake, amekunja magoti vile alivyozoea, alikaa Lukumani.

Shati lake la kazi lilikuwa limelowa. Maji yalidondoka kutoka kwenye mikono ya shati, tone baada ya tone, na mchanga ulioyapokea ulibaki mkavu.

"Umechelewa, Nyota," akasema.

Miguu ya Nyota ikakataa kurudi nyuma. "Lukumani?"

"Yeye amekwenda kwa Mungu. Mimi nilizaliwa pamoja naye, nikakua naye, nikala naye. Wewe hukuniona tu."

Hapo Nyota akaelewa, akataka kusoma aya, na aya zote zikamtoka kichwani. Alikuwa amefundishwa tangu mdogo kwamba kila binadamu ana karini wake, jini anayezaliwa naye, na kwamba mtu akiuawa kwa dhuluma karini hubaki akirandaranda na sura ya mwenziwe. Alikuwa amefundishwa hivyo, lakini nani huamini mpaka aone?

"Nani alikutoa eda?" kile kitu kikauliza.

"Yakubu na shangazi zake. Nyumbani."

"Kwa maji gani?"

"Ya kisima."

Kikacheka, na kicheko hakikuwa cha Lukumani hata kidogo. Na kweli lilikuwa jambo la aibu. Kwa Waislamu wa Kisangani mjane hupelekwa mtoni eda inapokwisha. Ndugu wa marehemu humshika mkono hadi maji ya kiunoni, huogeshwa, na kanga ya msiba huachiwa mto uichukue. Hivyo marehemu na mkewe wanaachana. Nyota aliogeshwa kwenye beseni nyuma ya jiko, kanga ikachomwa, kwa sababu Yakubu alisema askari wamejaa ukingoni. Lakini wiki hiyohiyo wajane wengine wa Mangobo walikwenda mtoni wakarudi salama.

"Muulize Yakubu ju ya nini anaogopa maji," kikasema, kikainuka, kikaingia mtoni polepole mpaka kikapotea.

Jinsi Nyota alivyofika nyumbani hakuweza kueleza hata yeye. Alimkuta Yakubu anatawadha, kwa maji ya kisima, kama kawaida yake. Akakumbuka kwamba tangu mwaka uliopita hajamwona akivuka mto, hajamwona akioga mtoni, hajamwona hata akila samaki.

"Nimemwona Lukumani," akamwambia. "Kwenye bac, mchangani."

Kopo likamponyoka Yakubu. "Haiwezekani! Walimfunga jiwe la kusagia, mutu hawezi kupanda juu ya maji na..."

Wote wawili wakasikia alichokisema. Maana tangu siku Lukumani alipokamatwa Yakubu alikuwa ameapa mbele ya ukoo mzima kwamba alikuwa msikitini, hakuona kitu, hajui kaka yake alikufaje.

"Watu wanasemaka hivyo," akaongeza. "Nilisikia kwa watu."

"Ndiyo, semeki," Nyota akasema.

Usidhani alipiga kelele. Aliingia jikoni, akachambua majani ya pondu, yaani kisamvu, hadi la mwisho, na moyoni mwake kikaota kitu kigumu ambacho hakikuwepo asubuhi. Alitaka Yakubu afe. Alilitaka jambo hilo wazi, bila kona, kama mwenye njaa anavyotaka chakula.

Kuanzia siku ile nyumba haikukalika. Mkeka wa upande wa Nyota uliamka umelowa chapachapa. Mtungi uliofunikwa ulisikika ukibubujika, kama mtu amezamishwa humo anatafuta pumzi, na ukifunuliwa maji yametulia tuli. Harufu ya mazut ikashika chakula, ikashika mswala, ikashika hata nywele za mama Mwanahamisi, ambaye sasa na yeye aliinusa na akawa anakohoa huku akinong'ona dua. Halafu alasiri moja, wageni wakiwa wamekaa barazani na kahawa mkononi, Nyota alianguka chini katikati yao, macho yakageuka meupe, na kutoka kinywani mwake ikatoka sauti nzito ya kiume ambayo kila mtu pale aliijua na hakuna aliyethubutu kuitaja, ikimwita Yakubu, Yakubu, Yakubu, kwa upole, vile kaka anavyomwita mdogo wake waende wote kuoga, mpaka vikombe vikawa vinagongana mikononi mwa watu na mzee mmoja akakimbia akaacha viatu vyake.

Akaitwa Mwalimu Jafari. Huyu alikuwa anaziba mipira ya velo, yaani baiskeli, sokoni na kutoa majini kwa wakati uliobaki, na kazi zote mbili alizifanya kwa hasira. Akafukiza ubani, akasoma, akauliza jini linataka nini. Sauti ikajibu kutoka kwa Nyota: "Anioshe mtoni. Ndugu wa marehemu."

Mwalimu akawageukia wenyeji. "Mlimtoa huyu eda wapi?"

"Hapa nyumbani," mama akasema kwa sauti ya chini. "Kanga tukaichoma, tukamwogesha kwa maji ya kisima."

"Ya kisima! Na mto uko pale, hata kipofu anausikia! Ninyi muko watu wa namna gani? Alors, kazi ni nyepesi. Kesho jua likipanda, Yakubu anamshika mkono, wanaingia majini, kanga nyingine ya msiba inatupwa, jini linaondoka."

"Mimi sijui kuogelea," Yakubu akasema.

"Nani alikuambia uogelee? Maji ya kiunoni, papa!"

"Atafute mutu mwingine."

"Ndugu wa marehemu iko mwingine?" Mama Mwanahamisi akamshika mwanawe shingoni, akalia. "Yakubu, nilizika mmoja bila maiti. Unataka nimzike na huyu binti? Watu wote wanatutazama."

Kweli walikuwa wanatazama, Mangobo nzima imejaa uani. Yakubu akainamisha kichwa akakubali.

Kabla ya kuondoka Mwalimu akamvuta Nyota pembeni, mama mkwe akiwa karibu. "Sikiliza vizuri. Kitu hicho kikija, utakiona wewe peke yako. Usiogope. Ukikiona tu, mwite Yakubu kwa jina lake, kwa nguvu, umvute. Mutu aliyeitwa na mwenzake hachukuliwi. Umenisikia?"

"Nimekusikia, mwalimu."

Asubuhi ukingo ulikuwa umejaa watu. Yakubu alimshika Nyota mkono, na mkono wake ulikuwa wa baridi hata Nyota akamhurumia kidogo, kidogo tu. Wakaingia. Maji ya magotini, ya mapajani, ya kiunoni. Mwalimu akisoma nchi kavu. Yakubu akammwagia maji kichwani, begani, na mdomo wake ulikuwa unasema kitu kilekile bila kukoma, "nisamehe, kaka, ni mimi nilikutaja, nisamehe, kaka," polepole sana, na Nyota aliyasikia yote, na nyuma ya bega la Yakubu, pale maji yalipokuwa meusi, akaona nywele zinapanda, kisha paji la uso, kisha macho ya mtu aliyelala naye miaka yote ile, yamefumbuka chini ya maji, yanamtazama yeye, yanangoja ruhusa yake.

Lilikuwa neno moja tu la kutamka. Jina la mtu, ambalo lilitajwa kila siku kwenye meza ya chakula.

"Nyota!" Mama Mwanahamisi akapiga kelele kutoka ukingoni, maana aliuona uso wake. "Unaona nini? Mwite! Mwite mwanangu!"

Nyota akafunga mdomo. Akautoa mkono wake kutoka katika mkono wa Yakubu, kidole kwa kidole. Yakubu akamtazama, akaelewa, na hakupata hata nafasi ya kupiga kelele. Maji yalijifunga juu yake, laini. Wagenia waliruka kutoka kwenye mitumbwi, wakapiga mbizi hadi adhuhuri, wakarudi wakitikisa vichwa. Kanga ya msiba ndiyo iliyoelea.

Harufu ikatoweka nyumbani. Mkeka ukakauka. Watu wakasema jini limetosheka. Nyota alilala vizuri, niseme ukweli, alilala vizuri kuliko alivyolala tangu uasi, na hakujutia hata kidogo.

Mama Mwanahamisi hakumuuliza kitu. Kila asubuhi alikwenda mtoni kumtafuta mwanawe, akarudi, akala kidogo, akalala. Mpaka asubuhi moja akasimama mlangoni akiwa amejifunga ushungi tayari kwa safari yake, akasema bila kumtazama Nyota:

"Ulikiona, ukanyamaza."

"Alimtoa Lukumani kwa waasi, mama. Alimtaja jina."

"Najua."

Nyota akaacha kufagia.

"Aliniambia siku ileile," mama akasema. "Waasi walimwambia taja mmoja aliyevusha watu wa serikali, ao tunakuchukua weye. Alikuja hapa akalia kwenye miguu yangu. Nilifanya nini mimi? Nilikuwa na watoto wawili. Nikamwambia anyamaze, akuchukue, akulishe. Nikasema nibaki hata na mmoja." Akapangusa macho kwa ncha ya ushungi. "Sasa tuko sawa, binti yangu. Mimi sina kinyongo na weye."

Akatoka. Nyota alisimama na ufagio wake, na alichokisikia kifuani hakikuwa hasira, Mungu ni shahidi, ilikuwa huruma tupu, kwa yule mama aliyemlisha mwaka mzima kwa mkono wake. Alitaka kumfuata. Akafika mlangoni, akamwona anakwenda barabarani katika jua, kibibi kilichopinda mgongo, na nyuma yake, karibu hata kumgusa ushungi, anatembea mtu wa shati la kazi lililolowa, akiinama kumsikiliza vile mtoto anavyomsikiliza mama yake. Njiapanda mtu yule akageuka, akamtazama Nyota, akangoja kidogo, kama siku ile mtoni.

Nyota akajaza pumzi amwite mama. Mdomo haukufunguka. Akaushika kwa mikono miwili, akaupanua kwa vidole hadi damu ikatoka, na ndani hakukuwa na sauti.