Biskuti za Kazungu

Kazungu alikuwa mtunza bustani katika hoteli moja ya Malindi. Kila jioni akirudi Maweni, alikopanga chumba, kwanza alikagua nyayo mlangoni, kama kuna za mwanamume mgeni. Kisha ndipo alipoingia. Mkewe, Nyevu, alimwona, akaendelea na mapishi yake.

Ulikuwa mwaka wa njaa, mwaka wa unga wa manjano. Kazungu hakuutaka. "Huo chakula cha ng'ombe," alisema. Yeye alikwenda supamaketi, akanunua mkate mweupe na biskuti zilizovunjika, zile za kupimwa kwa bei rahisi. Binti yao Kadzo, wa miaka miwili, alizila kwa chai ya rangi asubuhi, mchana na usiku. Baba mtu akajiona bwana kwelikweli.

Mara nywele za Kadzo zikawa nyekundu. Uso ukamjaa. Ukimbonyeza mguu, shimo lilibaki. Hakucheza tena.

Kazungu hakuuliza mtu. Kwao, bara ya Kilifi, mtoto akiwa hivyo husemwa ana chirwa: mzazi mmoja ametoka nje ya ndoa.

"Mtaje," alimwambia Nyevu.

"Nimtaje nani?"

"Huyo mwanamume wako. Ukikiri, mtoto atapona."

"Sina mwanamume ila wewe."

"Haya. Jumapili nakurudisha kwenu. Kadzo atabaki."

Nyevu alilia hadi sauti ikamkauka.

Jirani yao, Bi Mastura, alikuwa akipima watoto kliniki. Alisikia yote, maana ukuta wa udongo hauna siri. Akaja.

"Shikamoo, Bi Mastura."

"Marahaba. Nipe mtoto." Akambonyeza mguu. "Huyu aende hospitali leo hii. Anakula nini?"

Kazungu akamtazama kwa jicho la pembeni. Huyu naye katumwa, aliwaza, wamepanga. Hata hivyo akaleta mfuko wa biskuti, aonekane anatunza.

"Na nini tena?"

"Mkate. Chai."

"Na nini tena?"

Kazungu akauinua tena mfuko wa biskuti.

"Baba Kadzo, haya ni maradhi ya kukosa chakula cha kujenga mwili. Biskuti zajaza tumbo tu. Mtoto ataka pojo, kunde, dagaa, maziwa. Supamaketi hiyo hiyo, rafu ya chini, na pesa hizo hizo. Hata unga wa manjano ni mahindi tu. Mpikieni uji, muutie njugu zilizotwangwa."

"Na mwanamume je?"

"Nani huleta chakula nyumba hii?"

"Mimi."

"Basi."

Bado hakuamini. Alimpeleka Kadzo hospitali ili amtege daktari, aone kama naye atasema hayo hayo. Daktari hakumjua Bi Mastura, wala hakuambiwa neno. Akambonyeza Kadzo mguu, akauliza, "Anakula nini?" Kazungu aliona haya mpaka masikio yakawaka moto.

Kadzo alilazwa wiki mbili, uvimbe ukashuka. Tangu hapo, kila akienda supamaketi, Kazungu alichuchumaa penye rafu ya chini, akachukua pojo na dagaa. Nyevu alizipika kwa nazi na mchicha. Mwezi wa tatu Kadzo alimpokonya baba yake kijiko, akakimbia nacho uani.

Kazungu akacheka. Kisha akamgeukia mkewe. "Mama Kadzo, nilikukosea. Nisamehe."

Nyevu hakuinua macho. "Mtoto amepona," alisema. "Mimi bado."

Kazungu akauvuta ungo, akaketi chini, akaanza kuchambua pojo za kesho.