Siri Ndani ya Suruali

Fundi cherehani alikuwa na siri, na siri yenyewe ilikuwa ndani ya suruali ya mumewe.

Mume huyo alikuwa dereva wa lori. Kutwa yuko kwenye usukani, soda kando, mkate mweupe mkononi. Kitambi kikawa kinakua. Kila suruali ilipoanza kumbana, mkewe aliufumua mshono wa nyuma kimyakimya, akaipanua, akaipiga pasi, akaitundika palepale.

"Mke wangu, mwili wangu ni uleule wa siku ya harusi!" dereva alijisifu.

"Uleule, baba watoto," fundi alijibu. Hakutaka kumvunja moyo. Mapenzi hayo, lakini jamani!

Asubuhi moja alifumua tena, akakuta kitambaa cha akiba kwenye mshono kimekwisha. Chumbani, mumewe alikuwa amekaa kitandani akihema. Kufunga kamba za viatu tu kulikuwa kumemchosha. Fundi aliinamia cherehani yake akalia.

Jirani yake, muuguzi wa zahanati, alikuja kuchukua sare yake.

"Kulikoni, shoga?"

Fundi alimweleza yote. "Naogopa," alisema. "Mume wangu ataniacha peke yangu duniani."

Muuguzi alimkumbatia. Kisha akaona beseni la takataka mlangoni mwa jikoni. Lilikuwa na maganda ya maharage, makapi ya juisi na maganda ya biringanya.

"Vyote hivi unavitupa?"

"Namlisha vilivyo laini. Si ndiyo kumtunza?"

"Unatupa chakula cha wapangaji, shoga yangu."

"Wapangaji gani tena?"

"Ndani ya utumbo wetu wanaishi bakteria wengi mno. Hawaonekani kwa macho, na wengi ni wema. Chakula chao ni nyuzinyuzi za mboga, matunda, maharage na nafaka zisizokobolewa. Hata zile rangi za mimea, kama wekundu wa kitunguu na zambarau ya biringanya, wanazifanyia kazi. Wakila vizuri, wanatengeneza vitu vinavyousaidia mwili kuhisi shibe na kutumia sukari sawasawa. Wakikosa, wale wema wanapungua."

"Basi leo atakula maganda mpaka akome!"

Muuguzi aliangua kicheko. "Mwonee huruma mume wa watu! Huu si uchawi. Apunguze soda na vya kukaanga, atembee, aje zahanati tumpime. Na muanze kidogo kidogo, kwa maji ya kutosha, maana tumbo lisilozoea hujaa gesi."

Jioni fundi alimwekea mumewe ile suruali mapajani. "Nisamehe. Nimekuwa nikiipanua. Sasa kitambaa kimekwisha, na mimi nataka uishi."

Dereva aliupapasa mshono. "Nilijua," alisema polepole. "Suruali ya kahawia, umeishona kwa uzi mweusi. Niliona haya kusema."

Walitazamana, wakacheka, kisha wakashikana mikono. Aibu ilikuwa imewala wote wawili.

Tangu hapo maharage yalipikwa na maganda yake. Matunda yaliliwa mazima badala ya kukamuliwa na kuchujwa. Mboga za majani zilijaa sahani, na mkate ukawa wa unga usiokobolewa. Dereva alibeba maji kwenye lori, na kila aliposimama kupumzika alitembea kidogo. Zahanati walimpima, wakamwambia arudi kila mwezi. Siku za mwanzo tumbo lilinguruma.

"Wapangaji wako wana kelele!" fundi alimtania.

"Wanahamia na vyombo vyao," dereva alijibu.

Haikuwa kazi ya siku moja. Kuna siku soda ilimshinda, na kesho yake akaanza upya. Miezi ikapita. Asubuhi moja dereva aliinama, akafunga kamba za viatu vyote viwili bila kuhema. Aliposimama, suruali ilimteleza kiunoni.

"Mama watoto! Njoo, nitaaibika njiani!"

Fundi alikuja na sindano. Safari hii alichagua uzi mwekundu, akaipunguza suruali kwenye mshono ule, mumewe akiwa amesimama hapohapo, anatazama.