Miiba ya Akuele

Jioni ile Tasi Kayi alinituma chumvi, nami nikapitia kwa muuza samaki.

Naanza na hilo kwa sababu nikilificha sasa nitalificha mpaka mwisho, na kuficha ndiko kulikonifikisha hapa. Tasi ni shangazi yangu, dada wa baba. Tuliishi wawili katika nyumba ya marehemu baba hapa Aneho, mji wetu wa pwani. Wawili wa kuhesabiwa, yaani. Wa tatu alikuwa Akuele, pacha wangu, aliyekufa hajaota hata jino. Alikaa kwenye kikapu pembeni mwa chumba, amechongwa kwa mti, amefungwa kitambaa kiunoni, anatazama mlango.

Kwetu pacha akifa haachwi. Huchongwa. Nikila, anakula. Nikioga, anaogeshwa. Nikinunua nguo, anakatiwa kipande. Chakula huguswa mdomoni mwake kwanza, ndipo mimi nitie mkono sahanini. Pacha aliye hai akila peke yake, aliyekufa huja kudai fungu lake, na hachagui atakachochukua.

Nami nilikuwa nakula peke yangu.

Nauza abolo, mikate ya mahindi ya mvuke inayofungwa kwenye majani. Mwaka ule mahindi yalipanda, wateja wakashuka, na nyumbani tukawa watu wa ugali na mlenda usio na kitu ndani. Basi kila nikipata faranga za ziada nilikwenda kwa yule muuza samaki, Davi Ablavi, Dada Ablavi kwa lugha yetu, nikanunua samaki mmoja wa kukaanga, nikaingia nyuma ya ghala bovu lililoachwa na Wajerumani wa ukoloni na kumla nimesimama. Samaki mdogo hagawanyiki mara tatu, nilijiambia. Tumbo lina maneno mengi likitaka kushinda kesi. Davi Ablavi alifungia samaki kwa karatasi za madaftari ya shule, hesabu za watoto zilizosahihishwa kwa kalamu nyekundu. Karatasi na miiba nilivitupa palepale, nikafuta midomo, nikarudi nyumbani na uso wa mtu mwenye njaa.

Jioni ile nilikuwa nimeng'ata mara moja tu.

Kitu kikaruka ukutani. Kikapita usoni pangu, na mkono ukabaki mtupu.

Alikuwa Mkaguzi. Hilo ndilo jina ambalo mtaa mzima ulimpa yule paka wa kijivu, maana hakuna sufuria ambayo hakuifunua. Kwetu alikuwa amemwaga chachu yangu mara mbili na kulala ndani ya kikapu cha Akuele kana kwamba amekodi. Sasa alisimama hatua tano mbele yangu, samaki wangu mdomoni, ananitazama. Hakukimbia. Angekimbia ingekuwa nafuu.

Nikaokota jiwe.

Nilisikia mfupa ukilia... kah. Paka mwenyewe hakupiga kelele. Alitoa sauti moja ya chini, kama mtoto aliyezoea kuambiwa nyamaza, kisha akajiburuta gizani na mguu wa nyuma ukining'inia. Samaki hakumwachia.

Nyumbani Tasi alipokea chumvi, akanusa hewa. Macho yake yamefifia, pua yake haijafifia.

"Umekula, Akoko?"

"Nile nini, Tasi? Na wapi?"

"Basi kaa tule," akasema, akagusa ugali mdomoni mwa Akuele.

Asubuhi nilipoamka, Mkaguzi alikuwa ndani ya kikapu. Amejikunja ubavuni mwa Akuele, mguu wa kushoto umevimba, damu imekauka. Tasi alikuwa ameshapiga magoti, anampapasa.

"Nani kamfanyia hivi kiumbe huyu?"

"Pikipiki, labda," nikajibu.

"Pikipiki." Akaendelea kumpapasa. "Aliyekuja kuugua kitandani kwa Akuele ni mgeni wa Akuele. Kamwite Anani."

Anani huchanja mbuzi na kuku. Alikuja na mkoba wake, akamtazama paka, akanitazama mimi.

"Davi Akoko, wewe unakohoa tangu mwezi jana hujaenda zahanati. Leo unamletea tabibu mwizi wa mtaa?"

"Mtibu tu. Utakula abolo wiki nzima."

"Zile ndogo za siku hizi?"

"Zilezile. Tafuna polepole zitakuwa kubwa."

Akacheka, akamshika Mkaguzi shingoni kiufundi, akaunyoosha mguu. Alitaka vijiti vya mwanzi na kitambaa laini. "Chini ya tenga la kuku, asitoke, jiwe juu. Maji na samaki. Na usije ukampa vidonge vyako vya maumivu, utamuua. Mguu wa paka huunga wenyewe akitulia. Sasa huyu kumtuliza ndiyo kazi."

Kitambaa laini... Nguo zangu zote zilikuwa magunia kwa ukavu na viraka. Bandeji ya dukani ilikuwa bei ya unga wa siku mbili. Tasi alipotoka uani nilikwenda kikapuni, nikamvua Akuele kitambaa chake na kukipasua katikati. Nusu kwa paka, nusu nimrudishie mwenyewe.

Ndipo nikauona mguu wake wa mti.

Wa kushoto. Chini ya goti. Ufa mwembamba ambao jana haukuwepo.

Ulikuwa msimu wa upepo mkavu unaoshuka na vumbi kutoka jangwani, na kila mtu anajua upepo ule hupasua milango na midomo. Nilijiambia hivyo. Nikamfunga kile kitambaa nusu, chini kidogo, ufa usionekane. Nilipoinuka, muundi wangu wa kushoto ulichoma kama nimegonga kinu.

Sikumwambia mtu.

Kumuuguza Mkaguzi kulikuwa adhabu, na aliyeniadhibu alifurahia kazi yake. Alitoka chini ya tenga siku ya pili, banzi likiwa mguuni, akala mafuta ya mgando ambayo Tasi hujipaka magotini. Siku ya tatu aliangusha chungu cha mahindi niliyoroweka. Nilikwenda kwa wanawake wa kukausha samaki kuomba vichwa, nikatabasamu mpaka taya ikauma, nao wakaniuliza kama nimeolewa na paka. Vichwa nilipata. Mkaguzi alivinusa kwenye kopo, akageuza uso.

Alikula katika bakuli la Akuele tu.

Nikampa. Na kwa kuwa ugali haukutosha, mara nyingine kilichokuwa cha Akuele ndicho nilichompa, nikampitishia pacha wangu kidole kikavu mdomoni Tasi asikie tu kwamba nimekwenda kikapuni. Nilimdanganya mti. Nilimdanganya na kipofu. Nikiandika hivi uso unanichoma.

Siku ya saba Tasi alimwogesha Akuele mwenyewe. Vidole vyake vilishuka kiunoni, pajani, vikasimama.

"Kitambaa kimekuwa kifupi."

Nikajifanya napanga majani ya abolo.

"Na mguu umepasuka. Kidole kinaingia." Hakupandisha sauti. "Wewe umeanza lini kuchechemea?"

"Nilijikwaa sokoni."

"Akoko, sikiliza. Mguu huu ukikatika, wako utaufuata. Nimeliona hilo kwa watu wawili na wote nimewazika. Akuele ana kinyongo, na amemleta paka huyu tuone. Mponye. Akisimama kwa miguu minne, labda atatusamehe."

Usiku ule niliukanda mguu wangu kwa maji ya chumvi, kisha nikaukanda wa paka. Wangu ulikuwa umepoteza joto toka goti kwenda chini. Mkaguzi aliniacha nimshike, akinitazama bila kupepesa, na sikuweza kumtazama.

Kesho yake Tasi alikwenda msibani kwa jirani. Jua lilikuwa linazama ndani ya vumbi, rangi ya udongo, na umeme ulikuwa umekatika tangu mchana. Nilikaa mkekani, mguu nimeunyoosha. Tenga lilikuwa karibu yangu, jiwe juu. Niliingiza vidole kati ya fito, nikagusa manyoya. Mkaguzi amelala, anapumua.

Nikasikia kutafuna.

Polepole... krap... krap... Mtu asiye na meno mengi, anayekula kitu kigumu na hataki kusikika.

Panya, nikasema moyoni. Nikapiga mkeka kwa kiganja. Kimya.

Krap.

Kilitoka kikapuni.

Nikamgusa tena paka. Yupo. Sasa ameamka, masikio yamesimama, naye anasikiliza. Harufu ikanifikia: mafuta ya kukaangia, pilipili, samaki. Samaki wa Davi Ablavi, wa moto, kama ametoka karaini sasa hivi.

Nikawasha koroboi. Nikajiburuta, maana mguu ulikataa kunibeba. Bakuli la Akuele lilikuwa tupu. Mchana ule sikumwekea kitu. Nikamwinua. Nikainua na kile kitambaa cha kulalia, chini yake.

Miiba.

Uti wa samaki juu ya uti wa samaki, mikia, vichwa vilivyofyonzwa, vimejaa kikapu mpaka chini. Na kati yake karatasi zilizokunjwa, hesabu za watoto, kalamu nyekundu. Nilizijua. Nilizikunja mwenyewe, moja moja, nyuma ya ghala. Kila samaki niliyemla kwa siri tangu mahindi yapande alikuwa pale.

Paka hukusanya uchafu, kila mtu anajua. Huyu alilala kikapuni kwa wiki nyingi.

Lakini niliushika uti wa juu kabisa... ulikuwa na mate.

Nilimtazama Akuele mkononi mwangu. Sitasema nilichokiona midomoni mwake, kwa sababu koroboi lilikuwa linayumba na mimi nilikuwa nalia. Nilichokijua ni kimoja. Mimi nilikula nyama, na pacha wangu aliletewa miiba, na paka, mwizi wa mtaa, ndiye aliyemkumbuka.

"Ni nini hicho?" Tasi alikuwa mlangoni. Alinong'ona.

"Miiba, Tasi."

"Ya nani?"

"Yangu." Nikamwambia yote. Samaki, ghala, jiwe, kitambaa, kidole kikavu. Nilisema nimeinamisha uso sakafuni, nikingoja fimbo au laana.

Hakuna kilichokuja. Alikuja yeye, akakaa chini kando yangu kwa taabu.

"Nilijua unakula. Kila mara ulirudi unanukia."

"Mbona hukunisema?"

"Ningekusema kwa mdomo gani?" Alimchukua Akuele, akamlaza mapajani. "Mlizaliwa mwaka wa ule ukame, moto ulipokula mashamba. Yeye alitangulia. Mguu wa kushoto umepinda, hivi. Wewe ulikuwa mzima. Maziwa ya mama yenu hayakujaza kikombe. Mganga wa mifupa alitaka mbuzi, na mbuzi tulikuwa naye mmoja tu. Tukasema tungoje. Mtoto mzima kwanza." Alipumua. "Mama yenu alikuwa hoi, hajui usiku wala mchana. Ni mimi niliyekuwa namtoa Akuele kwenye ziwa na kukuweka wewe. Hakuwa analia sana. Alitoa sauti ya chini... mara moja tu, kisha ananyamaza."

Niliijua sauti hiyo. Niliisikia nyuma ya ghala.

"Mchongaji akauliza, mguu nimchonge ulivyokuwa? Nikamwambia anyooshe, watu wasije wakauliza. Miaka yote hii namlisha mdomoni namwomba asiseme. Na mti umesema."

Tulikaa hapo mpaka mafuta ya koroboi yakaisha, wanawake wawili wazima, na hakuna aliyeweza kumshika mwenzake mkono. Nilikuwa nimeshiba maisha yangu yote kwa fungu la mtu, na sikujua.

Alfajiri niliuza hereni za mama. Nilinunua samaki mkubwa, nikamleta mchana kweupe, bila kumfunika, mtaa wote ukiona. Kichwa, sehemu tamu, kilikwenda kwa Akuele. Tumbo kwa Mkaguzi. Tasi akapata mgongo. Nami nikala mkia, baada ya wote. Akuele nilimfunga mguu kwa vijiti vya mwanzi kama vya paka. Anani alipokuja akaona, akafungua mdomo atanie, kisha akaufunga.

Mkaguzi alisimama kwa miguu minne wiki ya tano. Mfupa ulishika umepinda kidogo, tiba ya bei ya abolo ndivyo ilivyo, na anatembea akichechemea. Mimi pia. Joto lilirudi mguuni, lakini unyoofu haukurudi. Ufa wa Akuele haukukua wala haukufunga. Tukitoka uani asubuhi sisi wawili, watoto wa jirani hucheka, na siwakatazi. Bado ananiibia. Sijainua tena jiwe.

Ingeishia hapo ningelala vizuri. Lakini nilisema sitaficha.

Mwezi jana nilikwenda Vogan, mnadani, mbali na nyumbani. Niliuza vizuri na njaa ilinishika. Mama mmoja alikuwa anakaanga samaki. Nikanunua mmoja, mdogo. Nikajiambia ni safari, msafiri ana ruhusa, nikifika nitamnunulia Akuele wake. Nikaketi kwenye gogo nyuma ya vibanda, peke yangu kabisa, hakuna mtu, hakuna paka. Nikafungua karatasi. Nikamwinua samaki mpaka mdomoni.

Sikuwa nimeng'ata bado.

Kando ya sikio langu, kitu kikaanza kutafuna.