Waliambiwa Niko Kwenye Gongo

Hamjambo wasomaji wenzangu? Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na mmoja, mzaliwa wa Kwai, huku Lushoto. Sijaolewa. Wanaoniona nikikamua ng'ombe asubuhi peke yangu hudhani upweke nimeuchagua mwenyewe... Laiti wangejua!

Nilijifunza mpira wa magongo shuleni. Wengi huku hawaujui. Mnakimbiza kampira kagumu kwa gongo lililopinda mwishoni, mpaka golini. Sisi wachezaji tuliufupisha tu, gongo. Mimi nilikuwa beki, tena beki mkorofi!

Mchumba wangu Elisha, kijana wa Mtae aliyekuwa fundi seremala Lushoto mjini, hakukosa mazoezi yetu. Siku gongo langu lilipopasuka, ni yeye aliyelifunga kwa waya, taratibu, akicheka kwamba hata yeye ananiogopa nikilishika. Naomba mlikumbuke jambo hilo.

Mwaka ule nikachaguliwa timu ya mkoa kwenda Dar es Salaam kucheza ubingwa wa taifa. Msimu mzima! Nilifurahi mpaka nikalia. Lakini posa ilikuwa imeshapokelewa, na majina yetu yalikaribia kutangazwa kanisani. Baba yake Elisha ni mzee wa kanisa, Mlutheri asiyetaka hata kusikia harufu ya pombe. Ilibidi waambiwe kwamba ndoa isubiri mashindano yaishe.

Nani awaambie? Elisha alikuwa amerudi kwao kumsaidia baba yake ujenzi, na simu za kule mara zinapatikana, mara hazipatikani. Mimi mwenyewe kwenda ukweni kujieleza kabla ya kuolewa ilikuwa aibu. Nikamtuma Tabitha, rafiki yangu wa kwaya, ambaye kwao ni jirani na kina Elisha. Nilimweleza kila kitu. Akanikumbatia.

"Nenda kacheze, shoga yangu," akaniambia. "Ya huku niachie mimi."

Nikamwachia... Na kweli akayachukua!

Dar tulilala kwenye bweni la shule moja. Jioni wenzangu walikuwa wakipigiwa simu na watu wao, wanacheka mpaka vitanda vinatikisika. Yangu ilikuwa kimya. Nikimpigia Elisha, haipokelewi. Nikajidanganya kwamba ni mtandao. Nilizoea kukaa nyuma ya bweni juu ya ndoo, nikiangalia simu kama mtu anayechunga maziwa yasifurike. Mtu unaweza kuwa na wenzako kumi na tano na bado usiwe na mtu?

Tulishinda, tukashinda tena, mpaka tukatwaa ubingwa! Uwanja mzima watu wanakumbatiana. Mimi nilisimama na medali shingoni nikitafuta wa kumpigia... Nikampigia mama yangu. Akasema hongera. Akaniambia nirudi tu nyumbani.

Nilipofika ndipo akanieleza. Mshenga alikuja. Kina Elisha wamevunja uchumba. Hawawezi kuingiza kwao mwanamke wa gongo!

Gongo! Ile pombe haramu inayopikwa vichakani, ambayo polisi wakiikamata wanaimwaga! Mama alijaribu kumwambia mshenga kuwa ni mpira. Mshenga akadhani anamfichia mwanawe aibu.

Kumbe, kwa maelezo ya mshenga, Tabitha aliwaambia hivi: "Yuko Dar, kwenye gongo. Hawezi kuolewa mpaka amalize." Basi. Hapo kuna uongo gani? Hata kanisani angeweza kuapa!

Aibu ikanitoka. Nilichukua gongo langu nikapanda basi la Mtae, na ile barabara ilivyo mbovu niliteseka mpaka jioni. Wazazi wa Elisha walikuwa barazani. Nikapiga goti.

"Shikamoo baba. Shikamoo mama."

Kimya. Jamani, mnajua huku kwetu maana ya kunyimwa marahaba? Hata mwizi huitikiwa! Wakaanza kusemezana Kishambaa kwamba mlevi huyu amefuata nini, wakisahau kuwa Kishambaa ni lugha niliyonyonya nayo.

Nikalilaza gongo miguuni pa mama yake Elisha. "Mama, gongo langu ndilo hili. Linapigia mpira, halinyweki."

Akalichukua. Akaligeuza. Vidole vyake vikafika pale penye waya, vikasimama.

"Elisha ndiye anayefunga hivi," akasema polepole. "Mipini yangu ya majembe yote ameifunga hivi."

"Ndiye aliyelifunga, mama."

Akaniangalia, macho yakijaa machozi. "Nilimuuliza mwanangu, ni gongo gani hilo? Akaangalia chini. Akasema hajui."

Hajui! Wasomaji, njia nzima nilikuwa nikimlaani Tabitha. Kumbe aliyenizika ni yule aliyejua. Neno moja tu la Elisha lingeniokoa, akalimeza.

"Marahaba, mwanangu," mama akaitikia, wakati mimi nimeshasahau kwamba nilisalimia.

Baba akajikohoza. Akasema Jumapili iliyopita majina yameshatangazwa kanisani, watu wamesikia. Jina la Elisha... na la Tabitha.

Walioana. Mimi nikarudi Kwai kwa ng'ombe wangu. Wachumba wengine wamekuja, lakini mtu akiniambia maneno matamu najiuliza, siku nikisingiziwa, huyu atafungua mdomo? Nabaki peke yangu... na inauma, sitawaficha.

Dada zangu, nawasihi, neno lako lipeleke mwenyewe, hata kama barabara ni mbaya, hata kama ni aibu. Na mchumba usimpime kwa kukushangilia uwanjani. Mpime kwa anavyokusemea usipokuwepo!

Jioni nawafundisha wasichana wa shule mchezo wangu. Nikiulizwa na wageni ninafundisha nini, sifupishi tena. Nayatamka maneno yote matatu: mpira wa magongo.